Nguzo namba 79: moto wa ofisini ulivyoangusha ghorofa 47

Jengo la 7 la World Trade Center mjini New York halikugongwa na ndege. Lilikuwa na ghorofa 47, urefu wa mita 186, ujenzi wake ulikamilika 1987, na fremu yake yote ilikuwa ya chuma. Tarehe 11 Septemba 2001, saa 4:28 asubuhi, mnara wa kaskazini ulipoporomoka, vifusi vyake vilipiga uso wa kusini wa jengo hili na kuwasha moto katika ghorofa zisizopungua 10. Moto ukaendelea karibu saa 7. Saa 11:20 jioni jengo zima likashuka chini. Watu walikuwa wameshatolewa, zimamoto walikuwa wamerudishwa nyuma, na hakuna aliyekufa kwa kuanguka kwake.

Kati ya majengo yote yaliyoanguka siku ile, hili ndilo linalomhusu mtu wa Lubumbashi anayejenga kwa chuma. Minara miwili mirefu ilipigwa na ndege zilizojaa mafuta, na hilo si jambo la Kampemba wala Katuba. Jengo la 7 liliangushwa na vitu vya kawaida: karatasi, meza, viti, mazulia, mapazia. Ukiangalia kinachorundikwa kwenye depo moja ya magodoro na vitambaa karibu na soko la Kenya, hapa Lubumbashi, utaona mzigo wa moto mzito kuliko wa ofisi yoyote ya New York.

Uchunguzi ulifanywa na NIST, taasisi ya serikali ya Marekani ya viwango na teknolojia, na ripoti ya mwisho ilitoka Novemba 2008. Iliona kwamba dizeli ya jenereta za jengo haikuwa na mchango mkubwa, na kwamba majeraha ya vifusi hayakuwa chanzo cha kuanguka: kazi yao kubwa ilikuwa kuwasha moto. Hata bila majeraha yale, moto uleule ungeliangusha.

Kabla ya kuingia ndani ya jengo, tuondoe dhana moja inayosikika kwenye kila karakana ya kuchomelea. Mtu husema: chuma huyeyuka karibu nyuzi 1500, moto wa nyumba haufiki 1200, basi chuma hakina wasiwasi. Namba zote mbili ni sahihi, hitimisho ndilo bovu. Mhunzi hayeyushi jembe ili alikunje. Analitia motoni likaiva wekundu, kisha nyundo inamaliza kazi. Ndani ya jengo linalowaka, nyundo ni uzito wa sakafu yenyewe.

Kanuni za Ulaya za kukokotoa chuma kwenye moto (Eurocode 3, sehemu ya 1-2) zinatoa vipimo vinavyofaa kukaririwa. Mpaka nyuzi 400 chuma cha kawaida cha ujenzi bado kina nguvu yake yote ya kubeba, lakini ukakamavu wake, yaani uwezo wa kukataa kunepa, umeshuka hadi asilimia 70. Kwenye 500 nguvu imebaki asilimia 78 na ukakamavu 60. Kwenye 600 nguvu ni 47 na ukakamavu 31. Kwenye 700 nguvu ni 23. Kwenye 800 umebakiwa na asilimia 11, na hapo boriti haibebi hata sakafu tupu. Kumbuka pia kwamba ukakamavu huporomoka mapema kuliko nguvu. Ndiyo maana nguzo nyembamba hupinda kando na kukunjika kabla ya kuonekana kulemewa.

Je, joto hilo hufikiwa upesi? Katika moto wa kipimo unaotumika maabara (ISO 834), hewa ya chumba hufika nyuzi 678 kwa dakika 10, 842 kwa dakika 30, na 945 kwa saa moja. Boriti ya IPE 300 (umbo la I, kimo cha milimita 300) isiyofunikwa ina chuma chembamba na uso mpana wa kupokea joto. Ndani ya dakika 15 hivi huwa inakaribia nyuzi 600. Nguzo nene ya HEB 300 (umbo la H, pana) huchelewa kidogo kwa sababu ina chuma kingi zaidi kwa kila mita ya uso. Uzito wa chuma kwa mita si kipimo cha nguvu tu, ni kipimo cha muda pia, na anayenunua fero nyepesi ili aokoe pesa ananunua dakika chache.

Jengo la 7 halikuwa na chuma tupu. Nguzo zake zilipuliziwa kinga ya kudumu saa 3, na sakafu saa 2. Na hapa ndipo kisa kinapogeuka: kwa mujibu wa NIST, nguzo hazikupita nyuzi 300. Nguzo iliyoanza kuangusha jengo, ile yenye namba 79, haikulainishwa na moto hata kidogo. Ilikuwa na nguvu zake zote, ikakunjika.

Ili kuelewa, tazama jinsi sakafu za upande wa mashariki zilivyopangwa. Nguzo za ndani 79, 80 na 81 zilibeba eneo kubwa lisilo na nguzo nyingine karibu. Kutoka ukuta wa nje wa mashariki zilitoka boriti ndefu za mita 16 hivi, zikaenda magharibi mpaka kugonga ubavu wa boriti kuu. Boriti kuu hiyo ilitoka nguzo 44, kwenye ukuta wa kaskazini, ikaishia nguzo 79, ambako ncha yake ilikalia kitako cha chuma kilichochomelewa kwenye nguzo na kushikwa na boliti. Boriti ndefu zote ziliigonga kutoka upande mmoja. Upande wa pili hapakuwa na boriti ya kupokea msukumo. Tena, boriti ndogo zilikuwa na pini za chuma zilizochomelewa juu yake ili zishikane na zege la sakafu, lakini boriti kuu haikuwa na pini hizo.

Moto wenyewe haukukaa mahali pamoja. Sehemu moja iliwaka dakika 20 hadi 30, vitu vikaisha, moto ukahamia sehemu ya jirani. Ghorofa zilizochomwa kweli zilikuwa 7, 8, 9, 11, 12 na 13. Chuma kikipata joto, hurefuka. Boriti ya mita 16 iliyofika nyuzi 400 imeongezeka sentimita 8 hivi. Ikifika 600, imeongezeka zaidi ya sentimita 13. Zege la juu yake hupata joto polepole na hurefuka kidogo, kwa hiyo chuma na zege vikaanza kuvutana. Pini zikakatika, boliti zikakatika. Ripoti inasisitiza kwamba uharibifu wa namna hii ulianza boriti zikiwa bado chini ya nyuzi 400, yaani wakati ambapo jedwali la nguvu linasema chuma ni kizima.

Zilipokosa kushikwa na sakafu, boriti zikasukuma boriti kuu kuelekea magharibi mpaka ncha yake ikatoka kwenye kitako pale nguzo 79. Sakafu ya ghorofa ya 13 ikaanguka juu ya ya 12, ambayo nayo ilikuwa imepikwa na moto. Zikaendelea kubomokeana mpaka ghorofa ya 5, yenye zege nene zaidi. Nguzo 79 ikabaki imesimama peke yake, bila kushikwa ubavuni, kwa urefu wa ghorofa 9.

Nguzo hushindwa kwa urefu wake usioshikwa. Sakafu za kila ghorofa ndizo zinazoizuia isipinde kando. Ukizidisha urefu huo mara mbili, mzigo wa kuikunja nguzo nyembamba hupungua mara nne. Ukiuzidisha mara tatu, mara tisa. Nguzo nene ya jengo kama lile haifuati hesabu hii sawasawa, lakini mwelekeo ni huohuo. Nguzo 79 ikakunjika, ikafuatwa na 80 na 81. Kibanda cha mitambo cha upande wa mashariki juu ya paa kikazama ndani ya jengo, na watu walioko nje wakaona uso wa jengo bado umesimama. Karibu sekunde 7 baadaye, nguzo za ndani zilipokwisha kuanguka kutoka mashariki kwenda magharibi, uso wenyewe ukashuka. Kwa sekunde 2.25 ulishuka kwa kasi ya kitu kilichoachiwa hewani, na jambo hili ndilo lililozaa uvumi mwingi kwamba jengo lililipuliwa kwa baruti. NIST ililikubali na kulieleza: nguzo za nje zilikuwa tayari zimekunjika kwa chini na hazikuwa na ukinzani wa maana.

Wapo wahandisi wasioridhika. Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks kilitoa ripoti mwaka 2020 kikipinga maelezo hayo, na NIST yenyewe baadaye ilisahihisha upana wa kitako iliouandika mwanzo. Ubishi juu ya sentimita hizo unaeleweka. Lakini kwamba chuma chenye moto husukuma viungo vyake, na kwamba viungo hukatika, si jambo linalotegemea ripoti ya New York. Lilipimwa waziwazi Uingereza miaka mitano kabla, na tutalifikia.

Kwanza maji. Jengo la 7 lilikuwa na mabomba ya kunyunyiza maji darini. Ghorofa 20 za chini zilitegemea maji ya bomba la mtaa; ghorofa za juu zilikuwa na matangi. Kuporomoka kwa minara kulikata mabomba ya mtaa, na ghorofa zote zilizowaka kwa nguvu zilikuwa kati ya zile 20 za chini. Vifaa vilikuwepo, vizima, na havikutoa tone. Zimamoto nao hawakuwa na maji ya kutosha. Walichofanya ni kupima: waliweka kifaa cha wapima ardhi kikitazama jengo, wakaona uvimbe kwenye kona ya kusini-magharibi, wakaondoa watu wao mapema. Uamuzi huo ndio uliookoa maisha siku ile. Mjini Tehran mwaka 2017, jengo la Plasco, la maduka na karakana za nguo, liliwaka asubuhi na kuporomoka baada ya saa 3 na nusu hivi likiwa na zimamoto ndani. 16 kati yao walikufa.

Kinyume chake ni One Meridian Plaza, Philadelphia, Februari 1991. Moto ulianza ghorofa ya 22 ukapanda ghorofa kwa ghorofa, ukawaka kwa saa 18 na zaidi, zimamoto wakatolewa kwa hofu ya jengo kuanguka. Ulipofika ghorofa ya 30 ulikuta vichwa vya kunyunyiza maji. Vichwa 10 vilifunguka, moto ukaishia hapo. Jengo halikuanguka.

Sasa Cardington. Miaka ya 1995 na 1996, ndani ya hanga la zamani la ndege-puto huko Bedfordshire, Waingereza walijenga jengo la chuma la ghorofa 8 na kulichoma kwa makusudi. Boriti zisizofunikwa zilipita nyuzi 1000 hivi, zikanepa vibaya, na jengo halikuanguka: sakafu ya zege yenye wavu wa chuma ilijigeuza kama shuka lililoshikwa pembe zote, ikabeba. Kuna matokeo mawili pale ambayo fundi yeyote ayaweke kichwani. La kwanza: katika jaribio moja nguzo zilifunikwa kinga isipokuwa kipande kifupi cha juu, cha sentimita 20 hivi, pale zinapokutana na boriti. Kipande hicho kilibonyezwa sentimita 18. La pili: viungo vingi havikukatika moto ukiwa mkali, vilikatika moto ulipokwisha, boriti zilizonepa zilipopoa na kujivuta. Anayeingia kwenye jengo la chuma saa moja baada ya moto kuzimwa, akatembea chini ya sakafu akiamini hatari imepita, amekosea wakati.

Tulete hesabu hii nyumbani. Chukua depo ya kawaida ya Lubumbashi: chini bidhaa, juu ofisi au vyumba vya kulala, kuta za matofali ya kuchoma, boriti za IPE 300 za mita 8, ncha moja imepachikwa ukutani kwa zege, ncha nyingine imekalia kipande cha kona kilichochomelewa kwenye nguzo. Magodoro yakishika moto, boriti ikifika nyuzi 300 tu imerefuka sentimita 3. Kwenye 500, sentimita 5 na nusu hivi. Ukuta wa matofali hauwezi kumeza sentimita 5. Ukiuzuia urefu huo kabisa, ongezeko la nyuzi 100 pekee lingezalisha ndani ya IPE 300 msukumo wa karibu tani 138. Hapana shaka boriti hupinda kando au ukuta husogea kabla ya kufika huko, na hayo ndiyo mambo yenyewe tunayoyaogopa: ukuta unasukumwa nje huku boriti za juu zikiutegemea.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kukagua ni ncha za boriti, kabla hata ya kinga. Ukutani, acha nafasi nyuma ya ncha, ya kutosha kumeza urefu huo, isiyojazwa zege, na kitako kirefu cha kutosha ili boriti isogee bila kudondoka. Hata inapojivuta wakati wa kupoa iwe bado imekalia kitu, kwa hiyo kitako cha sentimita 5 ni cha kukataa. Dai 15 au zaidi, na nanga ya kuizuia isichomoke. Kwenye nguzo, kuchomelea upande mmoja kwa mstari mfupi ndilo kosa linaloonekana zaidi kwenye mahanga: kiungo kinabeba uzito wa kushuka, lakini hakijawahi kufikiriwa kuvutwa wala kusukumwa. Weka boliti za kutosha zenye mashimo marefu kidogo, na bamba linaloshika pande mbili. Boriti kuu inayopokea boriti ndogo kutoka upande mmoja tu, kama ile ya nguzo 79, ishikwe upande wa pili pia, hata kwa fero nyepesi.

Halafu kinga. Rangi ya mafuta na ile nyekundu ya kuzuia kutu hazifanyi kitu mbele ya moto, zinawaka. Rangi ya kuvimba, ile inayofura ikipata joto na kukinga chuma, ipo, na inafaa, lakini unene wake huandikwa kulingana na uwiano wa uso na chuma wa kila umbo. Anayekuuzia ndoo bila kukuuliza kama boriti ni IPE 200 au HEB 300 hajui anachouza. Kwa bei ya hapa, dawa nzuri bado ni zege na matofali. Nguzo ifunikwe zege la milimita 50 pande zote, lenye wavu mwembamba wa chuma ndani ili lisimeguke likipasuka. Hapo umepata saa moja na zaidi. Au ijengewe matofali, pengo likajazwa. Boriti huvikwa wavu wa chuma uliotanuliwa, ukapakwa lipu nene ya saruji, au mbao za jasi tabaka mbili, viungo vikipishana. Kiungo cha boriti na nguzo kifunikwe sawa na vingine. Hicho ndicho kipande mafundi huacha wazi kwa sababu boliti zinasumbua mkono, na Cardington inatuonyesha kinachofuata.

Kuhusu maji tusidanganyane. Vichwa vya kunyunyiza vinavyotoa milimita 5 kwa dakika juu ya eneo la mita za mraba 144, kwa saa moja, vinataka lita 43,200. Na hicho ni kiwango cha hatari ya kawaida tu. Magodoro ya sponji yaliyopangwa mpaka darini yanahitaji zaidi. Tangi la lita 5,000 lililowekwa juu ya nyumba kwa sababu bomba hukauka halitoshi kwa dakika 7. Mwenye depo asiye na uwezo wa tangi kubwa apunguze mzigo: rundo lisifike darini, pawe na njia ya mita 2 na nusu kati ya marundo, na ghorofa igawanywe kwa ukuta wa tofali wenye mlango wa chuma unaojifunga. Jenereta na madumu ya mafuta vitoke nje ya jengo, si chini ya ngazi. Na watu wasilale juu ya depo. Hili halina hesabu ya kulipunguza.

Limebaki swali linaloulizwa kila mara depo ikiungua: fero zilizobaki zinatumika tena? Chuma laini cha kuvingirishwa, kile cha S235 au S275, kikipoa hurudisha karibu nguvu yake yote kama hakikupita nyuzi 600 hivi. Kanuni ya mkono ni hii: boriti iliyobaki imenyooka, ukiivutia uzi kutoka ncha hadi ncha na kuona haijanepa, kwa kawaida inafaa. Iliyopinda isinyooshwe kwa moto wa gesi na kuuzwa kama mpya, ingawa biashara hiyo ipo. Boliti ni habari nyingine. Zile za nguvu, zilizoandikwa 8.8 kichwani, zilipata nguvu zake kwa kupikwa na kupozwa kiwandani, na moto unaozidi nyuzi 450 au 500 hufuta kazi hiyo. Kwa macho zinaonekana nzima. Zitolewe zote. Mistari ya kuchomelea isuguliwe kwa brashi ya chuma na kutazamwa mmoja mmoja kutafuta nyufa, hasa kwenye ncha ambazo boriti ilijivuta ilipopoa. Zege la sakafu ligongwe kwa nyundo: linapotoa sauti ya utupu, limeachana na kilicho chini yake. Rangi ya waridi ndani ya zege lililomeguka ni dalili kwamba hapo palipita nyuzi 300, na boriti iliyo chini ya eneo hilo ndiyo ya kupima kwanza.